Pedi Mbili Zilizo Sawa

Baba mdogo alipokuja kumchukua mama yake, alikuja na gari la kazini, lile lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Yeye ni mwalimu wa udereva. Aliliegesha mbele ya mlango wetu, akaweka mto kwenye kiti cha nyuma, akaingia sebuleni akisugua viganja kama mtu ambaye kazi yake imekwisha.

"Mama, chumba kiko tayari," alisema. "Nimepaka rangi. Kitanda kipya, choo mlemle ndani, hakuna ngazi hata moja. Magoti yako yatapumzika."

Mama yake, Bibi Hamira, hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni, ambako, kwenye gemu ya mashindano ya magari, gari lake jekundu lilikuwa mbele kidogo ya gari la kijani la Bibi Sindano. Walikuwa kwenye mzunguko wa mwisho. Wakaingia kona ya mwisho, gari jekundu likapunguza mwendo, gari la kijani likavuka mstari.

"Umeona mwenyewe," Bibi Hamira alimwambia mwanawe. "Nimeshindwa tena. Sasa nitaondokaje katika nyumba hii nikiwa nimeshindwa? Watu watasema nimekimbia. Siku nitakayomshinda huyu, siku hiyohiyo nafunga nguo zangu napanda gari lako."

"Ni ahadi hiyo, Mama?"

"Ni ahadi. Kimya ni shahidi."

Kimya ni mimi. Waliniita hivyo kwa sababu nikiulizwa jambo mbele ya watu, maneno hunikaukia mdomoni. Nilitikisa kichwa kukubali, na ushahidi wangu ukaishia hapo.

Bibi Sindano aliweka pedi yake ya gemu mapajani. "Aende tu," alisema. "Na mimi nipate pa kunyoosha miguu."

Alisema hivyo, lakini hakuinyoosha.

Hawa wawili ni wajane wa babu yangu. Bibi Sindano ndiye mke mkubwa, mama mzazi wa baba yangu, na maisha yake yote ameshona nguo. Bibi Hamira ndiye mke mdogo, mama yake baba mdogo, na yeye ameoka mikate tangu kabla sijazaliwa. Babu aliwaoa kwa sheria moja, akaishi nayo, akafa nayo: sawa kwa sawa. Akinunua kitambaa cha mmoja, cha mwingine kilikatwa kwenye jora lilelile. Akileta beseni, yalikuja mabeseni mawili ya rangi moja. Kuna siku alipewa zawadi ya samaki mmoja mkubwa, na wake zake wakampasua kwa urefu, kuanzia mdomoni mpaka mkiani, ili kila mmoja apate jicho. Mpaka leo nyumba yetu ina vitu viwiliviwili: saa mbili ukutani, birika mbili jikoni, mafagio mawili nyuma ya mlango. Kitu pekee kilichokuwa kimoja ni babu mwenyewe, na wanasema hilo lilimsumbua sana.

Mashine ya gemu haikuwa yao. Ni ya kaka yangu. Alipopata kazi mbali aliiacha chini ya televisheni, akanionya nisiiguse. Mimi sikuigusa. Walioigusa ni bibi zake. Bibi Sindano alianza, akisema anafuta vumbi tu. Bibi Hamira akauliza vumbi gani linalofutwa kwa vidole gumba. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wanashindana kwa magari kila siku baada ya chakula cha mchana, na ole wake mgeni atakayebisha hodi wakati huo.

Shida ilikuwa kwenye pedi, vile vidude vyenye vitufe na vijiti vinavyoshikwa kwa mikono miwili. Kulikuwa na pedi mbili, lakini hazikuwa sawa. Nyeusi ilikuja na mashine yenyewe. Pacha wake aliwahi kutumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na mahali pake kaka alinunua ya kijivu kwenye meza ya mtu anayeuza chaja na miwani.

Bibi Sindano alizichunguza kama anavyochunguza nguo ya dukani. Alipitisha ukucha kwenye ule mstari ambapo kipande cha juu cha plastiki kinakutana na cha chini.

"Nyeusi imeshonwa na mtu aliyetulia," alisema. "Ukucha haukwami popote. Lakini hii Kijivu imepigwa pasi tu, haikushonwa. Bonyeza hapa uone. Inalia kama kiti cha kanisani."

Akaitikisa karibu na sikio. "Tena kuna kifungo kimekatika, kinatembea humo ndani."

Bibi Hamira yeye alizipima kwa viganja, moja mkono huu na moja mkono ule, akifumba macho. "Nyeusi imekandwa ikakandika," alisema. "Ukisukuma kijiti kinarudi chenyewe, taratibu, kama unga ulioumuka vizuri. Kijivu ni mkate wa hewa. Kwa nje mkubwa, ukikata hamna kitu. Na kitufe chake cha mafuta ukikibonyeza kinalala hukohuko chini, mpaka kikumbuke kuamka."

"Kwa hiyo tupokezane," Bibi Sindano alisema. "Leo wewe Nyeusi, kesho mimi."

"Hapana, Dada. Wewe ni mkubwa. Kaa na Nyeusi."

"Sawa kwa sawa, mdogo wangu."

"Mimi Kijivu nimeizoea. Ukinipa Nyeusi vidole vyangu vitaona haya."

Bibi Sindano alishangaa, kwa sababu Bibi Hamira hajawahi kumwachia hata kijiko. Lakini aliichukua Nyeusi, na tangu siku hiyo alishinda kila siku.

Sasa, mimi huwa nakaa nyuma yao kwenye kigoda, nachambua mchele au nakunja nguo. Nyuma ya watu huonekana mambo. Niliona kwamba Bibi Hamira anaendesha vizuri kuliko mke mwenzake. Kona zote anazikata bila kugusa ukingo. Ila wakifika ile kona ya mwisho, kidole gumba chake kinanyanyuka kutoka kwenye kitufe cha mafuta, kinakaa hewani kama mtu anayesubiri kuitwa, na hakishuki mpaka gari la kijani limepita. Kisha anasema, "Pedi hii," na kuichapa kibao kidogo.

Sikumwambia mtu. Chumba chake na cha Bibi Sindano vinatenganishwa na ukuta mwembamba, na kila asubuhi nawasikia wakigombana kupitia ukuta huo kabla hata hawajatoka kitandani, nani amekoroma. Sikutaka asubuhi zile ziishe.

Ila siku ile, baada ya kusikia ahadi ya mama yake, baba mdogo aliokota ile Kijivu, akaibonyezabonyeza, akacheka kwa furaha.

"Ndiyo maana," alisema. "Mama, wewe hushindwi kwa uendeshaji. Unashindwa kwa kifaa. Mama Mkubwa anashinda kwa sababu ya pedi."

Maneno hayo aliyasema kwa nia njema, lakini yalimchoma Bibi Sindano. Baba mdogo hata hajafika mwisho wa barabara, bibi tayari amevaa viatu.

"Nashinda kwa sababu ya pedi," alisema. "Mimi. Kimya, chukua hizo pedi zote mbili. Twende kwa fundi. Leo zitakuwa sawa."

Tulikwenda wote watatu. Fundi wa redio ana kibanda kwenye kona, chembamba kama kabati, na yeye mwenyewe amekaa humo kama shati lililosahauliwa. Bibi Sindano aliweka pedi mbele yake juu ya meza.

"Hizi hazilingani," alisema. "Zilinganishe."

Fundi aliichukua Kijivu kwanza. Akaifungua kwa bisibisi, akachungulia, akaifunga. "Shikamoo bibi, nilisahau kukusalimu. Hii haitengenezeki."

"Marahaba. Imeharibika sana?"

"Haikuharibika. Ndivyo ilivyozaliwa. Plastiki yake nyembamba, springi zake hazina nguvu, na humu ndani kuna kijichuma kimeachwa kinazunguka, sijui ni cha nini. Nikikitoa nitakuwa nimeondoa kitu pekee kizito kilichomo."

"Basi haiwezi kupanda ikaifikia hii Nyeusi?"

"Haiwezi."

Bibi Sindano akafikiri. "Basi shusha Nyeusi."

Fundi alivua miwani. "Nishushe vipi?"

"Uiharibu. Kidogo tu. Iwe kama mwenzake."

"Bibi, hii ni pedi nzima."

"Naona. Ndiyo maana nimeileta."

Fundi alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye mwenye wagonjwa. Nilitazama chini. Akamtazama Bibi Hamira, naye akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi kwetu ni sawa kwa sawa. Fanya tu."

"Watu wananiletea vibovu nivifanye vizima," fundi alisema akiifungua Nyeusi polepole. "Hata aliyeniachia kibanda hiki hakunifundisha namna ya kwenda kinyumenyume."

Alikata kipande cha springi, akamkabidhi Bibi Sindano. Bibi akabonyeza hiyo, akabonyeza na ile, akampa Bibi Hamira. Bibi Hamira akafumba macho.

"Bado," alisema. "Hii bado ina heshima zake."

Fundi akakata tena. Wakajaribu tena. Akalegeza na kijiti cha kushoto. Wakajaribu. Ilikuwa kama kumpimia mtu gauni: hapa punguza, hapa achia. Mwishowe Bibi Sindano aliibana Nyeusi kwa viganja, ikalia kama kiti cha kanisani, naye akatabasamu.

"Hapo," alisema. "Zimekuwa dada."

Fundi alituomba kitu kimoja tu, tusimwambie mtu kwamba ni yeye.

Tangu siku hiyo mashindano yao yakawa vita ya watu wawili wenye magari ya walevi. Nyeusi ilipata tabia ya kuvuta kushoto. Kijivu iliendelea kulala usingizi. Magari yalipanda ukingo, yakapanda watazamaji, mara moja yakagongana uso kwa uso ingawa yote mawili yalikuwa yanaelekea upande mmoja. Ila mwisho ulikuwa uleule. Kona ya mwisho, kidole juu, gari la kijani limepita.

"Unaona?" Bibi Sindano alisema kwa fahari. "Sasa tuko sawa na bado nakushinda. Mwambie mwanao."

Bibi Hamira alimwambia kwa simu. Nadhani alimwambia kwa furaha zaidi kuliko inavyotakiwa kwa mtu aliyeshindwa. Baba mdogo hakukata tamaa. Jumamosi alirudi na gari lake la mwanafunzi, kwapani amebana boksi.

"Mama, nimeulizia," alisema. "Nina kijana namfundisha udereva, anacheza mambo haya mpaka kwenye mashindano. Kaniambia hakuna pedi iliyo bora kuliko hii. Nimezunguka mji mzima kuipata."

Ilikuwa nyeupe kama yai. Hata mimi, niliyekuwa jikoni, nilitoka kuitazama. Sehemu za kushikia zilikuwa na vijichembe vidogovidogo, kama ulimi wa paka, ili mkono wenye jasho usiteleze. Vijiti vilizunguka bila sauti. Vitufe vilishuka na kupanda kama vinapumua.

Bibi Hamira aliipokea kama mtu anayekabidhiwa mtoto wa watu.

"Nzito," alisema.

"Mama, uzito ndio uimara."

"Nimebeba magunia ya ngano ujana wangu wote, uzeeni nibebe na mchezo?"

"Jaribu kwanza."

"Inakwaruza viganja."

"Ni kwa ajili ya kushika vizuri."

Mara ile pedi ikatetemeka mkononi mwake, kwa sababu gari kwenye televisheni lilikuwa limegusa ukingo. Bibi Hamira akaiweka chini haraka.

"Ina homa hii," alisema.

"Inatetemeka ili ujue umegonga, Mama."

"Mimi nikigonga najua. Naona kwa macho."

Bibi Sindano alinyoosha mkono, akapewa. Alipitisha ukucha kwenye mshono, kuzunguka pande zote, polepole, na ukucha haukukwama. Akaisikiliza sikioni. Akaibana. Haikulia. Alikaa nayo muda mrefu, na uso wake ukazidi kuanguka kama pazia lililoachiwa kamba.

"Imeshonwa," alisema mwishowe, akairudisha.

Katika maisha yangu nimesikia akitamka neno hilo kwa nguo ya mtu mwingine mara chache sana. Nilijua amekubali. Bibi Hamira naye alijua. Baba mdogo hakujua lolote. Alivuta kiti akakaa kulia kwa mama yake, karibu kabisa, kama anavyokaa na wanafunzi wake.

"Haya," alisema. "Mizunguko mitatu. Mama, ahadi ni ahadi."

Magari yakaondoka. Tangu mwanzo jambo lilionekana. Gari jekundu lilikwenda kama maji kwenye mfereji. Bibi Hamira aligusa, likageuka. Aliacha kugusa, likanyooka. Nilimwona akihangaika kulikosesha, akilipeleka karibu na ukingo, lakini pedi ile ilikuwa nzuri mno, hata kosa lake ilikuwa inalisahihisha kabla halijawa kosa.

Bibi Sindano naye alikuwa anahangaika na Nyeusi. Kijiti cha kushoto kililegea zaidi tangu siku ya fundi, na sasa hakikuwa kinarudi kabisa. Alipinda mwili mzima kulia, mpaka kiti kikanyanyuka mguu mmoja, lakini gari la kijani likaenda kushoto, likaingia ukutani, likabaki humo pua yake ikisugua matofali.

Gari jekundu likafika kona ya mwisho. Kidole gumba kikanyanyuka. Gari likapunguza mwendo, likatambaa, likasimama hatua chache kabla ya mstari.

Tukasubiri.

"Mama, mbona umesimama?" baba mdogo aliuliza.

"Naangalia njia."

"Njia ipo wazi."

"Huwezi kujua. Wewe mwenyewe ndiye unayefundisha watu kuangalia kushoto na kulia."

Upande wa pili wa kioo cha televisheni, gari la kijani liliendelea kusugua ukuta. "Ndiyo natoka," Bibi Sindano alisema akihema. "Natoka sasa hivi. Ngoja."

"Nangoja, Dada."

"Anangoja?" baba mdogo alisema. "Mama, unamngoja?"

"Simngoji. Napumzisha kidole."

"Kanyaga mafuta, Mama."

"Rudi nyuma kwanza, Dada, halafu ndiyo uzungushe."

"Usinifundishe," Bibi Sindano alisema, lakini akarudi nyuma, akazungusha, na gari la kijani likatoka ukutani, likaelekea ukuta wa upande wa pili.

Hapo ndipo kazi yake baba mdogo ilipomponza. Gari la kufundishia lina pedali pande zote mbili, na mwanafunzi akiduwaa katikati ya barabara, mwalimu hukanyaga za upande wake. Amefanya hivyo kwa miaka. Mkono wake uliondoka wenyewe, kwa nilivyoona mimi. Ulikwenda moja kwa moja juu ya kidole gumba cha mama yake, ukakibonyeza chini.

Gari jekundu likaruka, likavuka mstari. Televisheni ikapiga tarumbeta na kumwaga karatasi za rangi.

Saa zetu mbili ziligonga ukutani, moja ikimtangulia mwenzake kama kawaida. Bibi Hamira alikuwa anatazama kidole chake kana kwamba kimetoa siri. Baba mdogo alianza kutabasamu, akaona uso wa mama yake, tabasamu likakosa pa kukaa.

"Umeshinda, Mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeshinda," Bibi Hamira alisema.

Akaanza kuinuka. Ahadi ni ahadi, na yeye si mtu wa kurudisha neno lake. Alisimama nusu, ameshika mkono wa kiti, magoti yakilia, akaniambia, "Kimya, lile begi langu lipo juu ya kabati."

Sikuondoka nilipokuwa.

"Kaa chini," Bibi Sindano alisema.

"Dada, nimeahidi."

"Kaa chini nakwambia. Huo si ushindi. Mimi nimecheza na hii" (akainyanyua Nyeusi, kijiti chake kikaning'inia kama jino la mtoto) "na wewe umecheza na ile. Ni sawa hizi?"

Bibi Hamira aliziangalia. Akakaa.

"Si sawa," alisema.

"Basi mchezo haujachezwa."

Baba mdogo alifungua mdomo. "Mama Mkubwa, mlipokuwa mnacheza Nyeusi na Kijivu hazikuwa sawa pia, na mlihesabu."

"Tukaenda kwa fundi tukazisawazisha. Hukuwepo. Muulize Kimya."

Niliitikia kwa kichwa.

"Leta nyingine kama hii nyeupe," Bibi Sindano alisema. "Iwe sawasawa. Akinishinda hapo, nitambebea begi mimi mwenyewe mpaka garini."

Baba mdogo si mtu mbaya. Anampenda mama yake, na chumba kile kweli alikipaka rangi kwa mikono yake. Aliondoka, na sisi tukakaa kwa mashaka, kwa sababu dukani pedi haziishi kama mikate. Jumamosi iliyofuata alirudi na boksi lingine. Duka lilelile, aina ileile, nyeupe ileile. Akazipanga mezani zikiwa mbili kama mayai ya kuku mmoja.

Bibi zangu walizitazama kwa muda. Wakatazamana wao kwa wao, jambo ambalo hawalifanyi mara nyingi. Kisha kila mmoja akachukua moja.

"Hii ya kwangu kijiti cha kulia kina mchangamchanga," Bibi Hamira alisema.

"Hii mshono wake umeachia kidogo hapa chini," Bibi Sindano alisema. "Sindano inapita."

"Haipiti," baba mdogo alisema.

"Sindano nyembamba."

Wakabadilishana. Bibi Hamira akasema hii ndiyo laini. Bibi Sindano akasema hii ndiyo nzito upande wa kushoto. Baba mdogo alisikiliza yote kwa subira ya mtu aliyezoea kuona wanafunzi wakiingiza gia ya kurudi nyuma kwenye taa za barabarani. Halafu akasema, "Haya. Fumbeni macho."

Wakafumba. Alizificha pedi mgongoni, akazichanganya, akampa mama yake moja.

"Hii ipoje?"

Bibi Hamira aliipima, akazungusha vijiti. "Hii ndiyo ile yenye mchanga."

Akaichukua, akampa Bibi Sindano ileile. Mimi niliona.

"Na hii, Mama Mkubwa?"

"Hii ndiyo iliyoshonwa vizuri. Laini. Hii mpe mwenzangu, mimi sitaki upendeleo."

Akaichukua, akairudisha kwa mama yake. Ileile. Nyingine ilikuwa bado mgongoni mwake.

"Na hii?"

"Hii nyingine kabisa," Bibi Hamira alisema. "Nyepesi. Kama haijakandwa."

"Mama," baba mdogo alisema. "Mara zote tatu ni pedi moja."

Bibi Hamira aliendelea kufumba macho. Naona alitamani kuendelea kuyafumba mpaka kesho. Bibi Sindano naye alifumba yake, mikono imepakatwa.

"Basi ule mchanga umetoka," Bibi Sindano alisema. "Si umeitikisatikisa huko mgongoni?"

Baba mdogo aliketi kwenye mkeka. Alitazama zile pedi mbili, akatazama saa mbili ukutani, akatazama mlango wa jikoni ambako birika mbili zilikuwa juu ya jiko. Sijui alikuwa anahesabu nini.

"Kile kitanda," alisema taratibu, "kinaweza kukaa hata miaka bila mtu."

"Umenunua kitanda kimoja," Bibi Sindano alisema. Sasa alifumbua macho. "Baba yako hakuwahi kuingiza kitu kimoja katika nyumba hii."

"Chumba hakitoshi viwili, Mama Mkubwa."

"Najua. Sisemi kwa ubaya."

Baba mdogo akanigeukia. "Kimya, wewe ndiye shahidi. Shika hizi uniambie kweli. Ni sawa au si sawa?"

Nilizishika. Wote watatu walikuwa wananitazama, na masikio yangu yakawaka moto. Vijiti vilikuwa laini, vyote vinne. Mshono haukuwa na mwanya. Zilikuwa sawa kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona katika nyumba ile.

"Si sawa, Baba Mdogo," nilisema.

Alinitazama kidogo. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Basi nitaendelea kutafuta zilizo sawa," alisema.

"Tafuta, mwanangu," mama yake alisema. "Ukizipata, uje."

"Na nisipozipata?"

"Uje vilevile. Na huo mto wa garini uulete, kiti hiki kinaniumiza."

Bibi zangu wakachukua pedi nyeupe, kila mmoja ya kwake, bila kugombea ipi. Baba mdogo akavua viatu, akaomba na yeye acheze, atakayeshindwa ampishe mwenzake. Bibi Hamira aliposhindwa, kidole juu kama desturi, baba mdogo alinyoosha mkono apewe nyeupe.

"Hiyo ni yangu," mama yake alisema. Akampa Kijivu.

Alishindwa vibaya. Gari lake lilipanda ukingo, likapanda watazamaji, likaishia uwanjani kwa watu. Aliichapa ile pedi kibao kidogo.

"Pedi hii," alisema.

"Mwalimu wa udereva," Bibi Sindano alisema, bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Kimya, mletee mwenzangu ule mto wa garini, na usisahau kufunga mlango."